Kiti mwendo kikigoma Dodoma: anza na upepo

Mafundi baiskeli wengi wa hapa Dodoma wakiletewa kiti mwendo hukimbilia spana. Ukisema breki hazikamati, wanakaza breki. Ukisema kinavuta kushoto, wanaitafuta nyundo. Shida ni kwamba kiti mwendo kina tabia ya kusingizia: kinachoumwa ni hiki, kinacholalamika ni kile. Ndiyo maana hapa chini nimepanga mambo kwa malalamiko, yaani kile unachokiona, kukisikia au kukihisi ukiwa umekaa, halafu tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Utaratibu ni ule ule kila mara: upepo wa matairi, kisha uchafu, kisha nati na bolti, fremu mwisho kabisa. Ukiruka hatua utalipia kitu ambacho hakikuharibika.

Nazungumzia kiti cha kusukuma kwa mkono, chenye magurudumu makubwa mawili nyuma na madogo mawili mbele. Baiskeli za miguu mitatu zenye mnyororo zina mambo yake.

Vifaa si vingi: spana namba 10 na 13, alenki, bisibisi, pampu ya baiskeli, kitambaa, mswaki wa zamani, solusheni, msasa na vipande vya tyubu. Unapokagua, kiti kiwe hakina mtu. Kama huwezi kuhama peke yako, kaa kitandani na umwelekeze mwingine akigeuze mbele yako. Usikubali kiende kwa fundi bila wewe, au angalau bila maelezo yako, kwa sababu fundi hajawahi kukikalia.

Nimefunga breki, kiti bado kinarudi nyuma

Hili lishughulikie leo leo. Wakati wa kuhama kwenda kitandani au chooni mwili wote uko hewani, na kiti kikisogea sentimita kumi tu unatua sakafuni.

Breki ya kiti mwendo haikamati rimu kama ya baiskeli. Ni kipande cha chuma kinachobonyeza tairi lenyewe. Tairi likipungua upepo, chuma hugusa juu juu au kisiguse kabisa. Kwa hiyo bolti ya breki isiguswe kabla tairi halijajaa. Fundi akiisogeza breki ili ilifikie tairi lililolegea, siku ukijaza upepo breki haitafungika, au itakuwa inasugua muda wote na wewe unashangaa kiti kimekuwa kizito ghafla. Mwambie tu: "Kaka, nijazie upepo kwanza, breki tutaiangalia baadaye."

Bonyeza tairi kwa kidole gumba, kwa nguvu. Likiingia zaidi ya nusu sentimita hivi, halina upepo wa kutosha. Kiwango chake kimeandikwa ubavuni. Kwa tairi nyembamba za kawaida mara nyingi ni kati ya 50 na 75 PSI (kipimo cha upepo). Kijana wa kituo cha mafuta amezoea magari madogo, ambayo yanataka 30 na kidogo. Akikuwekea hiyo hiyo unaondoka na tairi laini, na akishikilia mpira wa kompresa bila kuangalia, tyubu ndogo kama hii hujaa kwa sekunde chache na kupasuka. Pampu ya mkono inachosha, lakini mimi naiamini zaidi.

Tairi likishajaa ndipo uangalie breki. Legeza bolti zinazoishikilia kwenye fremu, isogeze kuelekea tairi, kaza, funga. Ikifungwa, chuma kizame kwenye mpira kama milimita tatu hadi tano. Ikifunguliwa, kiache nafasi inayoonekana. Pande zote mbili ziwe sawa. Kisha mtu akisukume kiti kwa nguvu kikiwa kimefungwa. Bado kinateleza? Angalia kama tairi limekuwa kipara, au kama lina matope na mafuta.

Breki hizi ni za kuegeshea tu. Watu huzitumia kupunguza mwendo kwenye miteremko, pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa mfano, na matokeo yake ni gurudumu moja kukamata kabla ya lingine na kiti kugeuka mzima mzima. Mwendo unapunguzwa kwa viganja kwenye pete za kusukumia, ukiwa na glovu ukipenda, maana pete huchoma.

Pancha hazikomi

Mvua za hapa zina msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Zikishakatika, mbigiri inakauka na kumwaga vitunda vyake vyenye miiba kila njia ya mkato. Ukienda Chamwino, Kongwa au Mpwapwa, ongeza miiba ya migunga. Mtu wa baiskeli akipata pancha anashuka na kukokota. Wewe unashukia wapi?

Usiridhike na kuziba tundu. Liulize limetoka wapi. Kabla ya kuichomoa tyubu, weka alama kwa kalamu inayoonyesha imekaaje ndani ya tairi, kisha ijaze upepo na uizamishe kwenye beseni la maji. Tundu likiwa upande wa nje, unaogusa barabara, ni mwiba, na mwiba huo huenda bado uko: pitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi, utanasa. Usitumie kidole kitupu, hasa kama vidole vyako havihisi vizuri. Tundu likiwa upande wa ndani, unaokaa kwenye rimu, ni kichwa cha spoku kinachochoma kwa sababu mkanda wa rimu umekatika au haupo. Kata ukanda wa tyubu ya zamani, uzungushe kufunika vichwa vyote. Matundu mawili madogo yanayotazamana ni tyubu iliyobanwa kati ya rimu na jiwe au ukingo wa mtaro, yaani ulikuwa unatembea na upepo mdogo. Mpasuko kwenye shina la valvu nao chanzo chake ni hicho hicho: tairi laini huteleza juu ya rimu na kuvuta valvu. Na kama huoni tundu popote, paka mate kwenye mdomo wa valvu. Povu likitoka, tyubu ni nzima, tatizo ni valvu.

Ujanja wa mafundi ambao kweli unasaidia ni kupasua tyubu kuukuu kwa urefu na kuilaza kati ya tairi na tyubu mpya. Gurudumu linaongezeka uzito kidogo, lakini mbigiri nyingi zinaishia hapo. Na kila jioni ukishafika nyumbani, zungusha magurudumu na uchomoe miiba iliyonasa kabla haijapenya. Mingi haitobi siku ya kwanza.

Ukinunua tairi jipya, usimwambie muuzaji "nipe la inchi 24" ukaondoka. Kuna baiskeli nyingi za watoto za inchi 24 pia, ila mara nyingi tairi lake ni 24 × 1.75, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 507. Viti vingi vinatumia 24 × 1⅜, ambalo rimu yake ina kipenyo cha 540. Hayaingiliani hata kwa kupigwa na bisibisi. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi la zamani, kama 37-540, na utafute hiyo hiyo. Tyubu huvumilia tofauti kidogo, tairi halivumilii.

Kuna wanaohamia tairi ngumu zisizo na upepo. Ukiishi na kufanya kazi kwenye lami, tuseme unatoka Area D kwenda ofisi za Mtumba, sina ubishi. Kwenye vumbi na makorongo sizipendi: nzito, zinarusha kila mtikisiko hadi mgongoni, na zikilika breki inaanza kuteleza.

Kinavuta upande mmoja

Kwanza hakikisha si barabara. Barabara nyingi zimeinama kuelekea mtaro na kiti chochote kitashuka huko. Nenda kwenye sakafu tambarare, veranda ya shule au ya msikiti inafaa, mtu akisukume kidogo bila wewe na akiachie.

Kikivuta hata hapo, linganisha upepo wa matairi mawili ya nyuma. Mara nyingi habari inaishia hapo. Kama si upepo, nyanyua kila gurudumu na ulizungushe: lile linalosimama mapema ndilo linalokuvuta, ama breki inaligusa, ama beringi imejaa mchanga, ama nywele na nyuzi za kanga zimejisokota kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Hizo nyuzi zikate kwa wembe. Utashangaa wingi wake. Magurudumu yote yakizunguka vizuri na bado kinavuta, tazama uma, kile chuma kinachoshika kila gurudumu la mbele, kwa mbele na kwa ubavu. Ule mhimili wake unatakiwa usimame wima. Ukiwa umelala upande mmoja, kiti kiliwahi kuangushwa, pengine kwenye buti la basi, na hapo ndipo suala linafika kwenye fremu.

Magurudumu ya mbele yanatetemeka kikienda kasi

Nati ya juu ya uma imelegea, hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Iko chini ya kifuniko cha plastiki. Kupima: laza kiti kwa mgongo, geuza gurudumu dogo lielekee juu, liachie. Likianguka, likapita chini na kupanda upande wa pili mara moja kisha likatulia, limekazwa sawasawa. Likibembea kama pendulamu, kaza kidogo. Likishuka kwa kusuasua, umekaza mno na kiti kitakuwa kigumu kukata kona. Nati yenyewe ina plastiki ndani ya kuizuia isilegee; ikishafunguliwa mara kadhaa plastiki hiyo haina kazi tena, nunua nyingine. Kama nati iko sawa, angalia kama gurudumu limelika upande au tundu lake limepanuka.

Mbele kunazama mchangani

Hili si hitilafu ya kiti, ila litakusumbua kuliko hitilafu yoyote. Viti vingi tunavyopewa kwa msaada vilitengenezwa kwa korido za hospitali. Gurudumu la mbele ni dogo, gumu na jembamba. Likikutana na mchanga wa Nkuhungu au Chang'ombe linachimba, kiti kinasimama ghafla, wewe unaendelea mbele.

Ukiwa peke yako, sogeza makalio hadi nyuma kabisa, egemea, sukuma kwa misukumo mirefu bila kusimama katikati. Ukiwa na msaidizi, asikusukume kwa mbele. Akigeuze kiti, akiinamishe kidogo kuelekea kwake hadi magurudumu madogo yaondoke ardhini, akuvute kinyumenyume. Atakuambia mwenyewe kwamba kazi imepungua nusu. Kabla hajainamisha, akague vishikio vya mpira vya nyuma: vile vilivyolegea huchomoka mkononi na wewe unaangukia kisogo. Visafishe ndani kwa spiriti, vikauke, virudishwe kwa gundi. Kama kiti chako kinaruhusu kubadilisha uma, gurudumu la mbele lenye kipenyo kikubwa na uso mpana ndilo ningelinunua kabla ya kitu kingine chochote.

Msimu wa mvua mchanga unakuwa tope, na kwenye udongo mweusi wa mbuga kule Bahi tope linajaza nafasi yote kati ya gurudumu na uma. Litoe likiwa bichi. Likikauka linakwangua.

Kinapiga kelele, kimekuwa kizito

Kwi-kwi-kwi kwa kila mzunguko ni beringi au spoku. Mlio wa krr-krr kama wa kusaga ni mchanga. Mlio wakati unajigeuza tu, kiti kikiwa kimesimama, ni bolti za msalaba wa chini (vyuma viwili vinavyopishana chini ya kiti) au turubai la kukalia.

Sasa usichukue oili chafu ya pikipiki ukamwaga. Vumbi letu, hasa miezi ya upepo kuanzia Juni, likikutana na oili linakuwa msasa wa maji, na beringi inakwisha haraka kuliko ingekuwa kavu. Safisha kwanza. Beringi za mtindo wa baiskeli, zenye gololi, zifunguliwe, zioshwe kwa mafuta ya taa mbali na moto, zikaushwe, zipakwe grisi safi. Koni, ile nati inayobana gololi, irudishwe hadi gurudumu lisicheze kushoto-kulia lakini lizunguke huru. Kufanya hivi mara moja baada ya mvua na mara moja katikati ya kiangazi kunatosha kwa mtu wa matembezi ya kawaida. Beringi zilizofungwa hazioshwi, zikikwaruza zinabadilishwa. Namba imechongwa ubavuni, 608 ikiwa ya kawaida sana kwenye magurudumu ya mbele. Peleka ile ya zamani dukani uonyeshe. Na ukiosha kiti pale wanapoosha magari, kataa ile mashine ya presha, inasukuma mchanga na maji ndani ya beringi. Ndoo na kitambaa vinatosha.

Spoku zipige kwa kidole moja moja. Zote zitoe sauti inayokaribiana. Yenye sauti ya kufa imelegea. Iliyokatika ibadilishwe wiki hiyo hiyo, maana jirani zake zinabeba mzigo wake.

Kinataka kunitupa nyuma, au mbele

Nyuma: toa begi lililoning'inizwa kwenye mgongo wa kiti. Kilo tano za sokoni Majengo zinatosha kubadili mizani, hasa ukiwa unapanda. Weka mapajani au chini ya kiti. Kama umekatwa miguu yote miwili, uzito wako wa mbele haupo, kwa hiyo ekseli za nyuma zinatakiwa kurudishwa nyuma zaidi, na vile vizuizi vya nyuma vya kuzuia kupinduka visitolewe hata fundi akisema vinamsumbua.

Wakati mwingine mkosaji ni mlango. Njia ya mteremko inatakiwa iwe na urefu wa mita 12 kwa kila mita 1 ya kupanda. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Nimeona ofisi iliyomwaga zege la hatua moja ikaliita njia ya walemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike, na zege la namna ile halifikiki. Penye mteremko mkali shuka kinyumenyume, msaidizi akiwa nyuma yako upande wa bondeni.

Mbele: hakuna mtu kukanyaga sehemu ya kuwekea miguu wakati wa kukaa kitini au kutoka. Ifunuliwe kwanza. Ukitaka kuokota kitu chini, nenda mbele kidogo kisha urudi nyuma, magurudumu madogo yageuke yaelekee mbele. Hapo kiti kimekuwa kirefu na hakipinduki kirahisi.

Mabega yanauma, makalio yana wekundu

Haya pia ni malalamiko ya kiti, ingawa watu huyapeleka duka la dawa. Mabega: upepo tena. Kisha kaa wima, mikono ining'inie; ncha za vidole zifike usawa wa ekseli ya nyuma. Zikizidi sana uko chini mno, zisipofika uko juu mno. Kiti kipana kuliko nyonga zako nacho kinakulazimisha kutanua mikono kila msukumo.

Makalio ni jambo zito zaidi. Turubai likilegea katikati linakuwa bembea: nyonga zinainama, magoti yanagongana, uzito wote unakaa kwenye mifupa miwili. Fundi wa viti vya magari anaweza kushona lingine la turubai gumu, na kwa muda unaweza kuweka ubao mwembamba chini ya mto, kamwe si badala ya mto. Mto wenyewe upime ukiwa umekaa: mtu apitishe vidole chini yake, penye mfupa. Akiuhisi mfupa karibu kabisa, sponji imekufa. Jua la mchana linaiua mapema, basi usiache kiti nje.

Egemea mbele au pembeni kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili damu ipite. Kila jioni tumia kioo kukagua ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta sehemu iliyobadilika rangi, yenye joto au ngumu. Isipotulia ndani ya nusu saa baada ya kutoka kitini, usiikalie tena. Nenda kituo cha afya kabla hakijawa kidonda. Ukifika hospitali ya rufaa, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuone pamoja na kiti chako.

Gurudumu linacheza, fremu ina ufa

Magurudumu ya kuchomoa yana kitufe katikati. Vuta gurudumu kwa nguvu bila kukibonyeza. Likitoka, vigololi vya ncha ya ekseli vimezibwa na uchafu. Vioshe hadi vichomoze vyenyewe.

Fremu ipapase penye maungio na kwenye bolti ya msalaba. Mstari wa kutu uliochora rangi ni ufa, na kiti chenye ufa kisikaliwe hata kwenda jirani. Kabla ya kwenda kwa fundi wa kuchomelea, weka sumaku. Ikinata ni chuma, fundi mzuri atachomelea, ila bomba ni jembamba, hivyo apunguze moto na aondoe turubai na mpira kwanza. Isiponata, yaelekea ni alumini. Mashine ya kawaida ya mtaani haiiwezi, itaungua tu. Baada ya kuchomelea, simamisha kiti sakafuni na upitishe karatasi chini ya kila gurudumu. Ikipita chini ya moja, fremu imechomelewa ikiwa imepinda, irudi kwa fundi. Ikikataa yote manne, pakia mfuko wa mahindi wenye uzito wako, kisukumwe juu ya mawe na mashimo, kisha kagua ule uchomeleaji tena kwa macho na kwa kidole kabla wewe hujakaa.